Kivuli kisichoondoka: je, CT skani itaiona nimonia kwenye mapafu yenye ugonjwa sugu?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Alivuta sigara zaidi ya miaka thelathini, akaacha miaka sita iliyopita, na ana COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mwaka huu amelazwa mara tatu. Mara ya kwanza eksirei ilisomwa haina tatizo, lakini akatibiwa nimonia na akapata nafuu. Mara ya pili wakaona kivuli chini upande wa kulia, akapewa antibiotiki. Mara ya tatu kivuli kilikuwa palepale, antibiotiki zikabadilishwa. Mpaka leo anakohoa makohozi ya njano, na pumzi inamkata akitoka kitandani kwenda chooni. Sasa daktari wake anataka apigwe CT skani ya kifua. Kaka yangu amekataa, anasema mionzi yake ni mikali na itampa saratani. Mimi najiuliza kinyume: kama CT inaona vizuri hivyo, kwa nini hakupigwa tangu siku ya kwanza? Na ikionyesha hakuna nimonia, tuache dawa?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Mwaka wa kulazwa mara tatu humchosha hata yule anayekaa pembeni mwa kitanda.

Kaka yako anauliza kama CT itamdhuru mzee. Wewe unauliza kwa nini imechelewa. Nyote wawili mnataka picha moja imalize ubishi wa nimonia ipo au haipo. Nianze na jibu fupi, usije ukalala na wasiwasi: kwa maelezo uliyonipa, daktari wake ameomba kipimo kinachostahili, na angekuwa baba yangu mimi angepigwa. Ila sababu yangu kubwa wala si nimonia. Ni hicho kivuli kilichoonekana mahali palepale mara mbili, kwenye kifua cha mtu aliyevuta sigara miaka thelathini. Nitakirudia.

Kazi yangu ni kusoma picha. Wagonjwa wengi siwajui sura. Ninayajua mapafu yao, pamoja na mistari miwili mitatu ambayo daktari ameandika kwenye fomu. Kwa hiyo nitakueleza mambo jinsi yanavyoonekana nikiwa mbele ya skrini.

Pafu zima karibu lote ni hewa. Lina mamilioni ya vifuko vidogo vyenye kuta nyembamba, na oksijeni hupenya kwenye kuta hizo kuingia kwenye damu. Nimonia hutokea vijidudu vinapoingia katika vifuko hivyo na mwili ukaanza kupambana navyo: mahali pa hewa panajaa majimaji, seli na usaha. Hewa haizuii eksirei, ndiyo maana pafu hutoka jeusi kwenye picha. Majimaji huizuia kiasi, ndiyo maana sehemu iliyojaa hutoka nyeupe. Tunaiita kivuli, ingawa ukiitazama ni weupe mtupu, tumezoea tu.

Udhaifu wa eksirei ni kwamba hukibana kifua kizima kwenye karatasi moja. Mbavu za mbele hulalia za nyuma, moyo hulalia pafu, mishipa hulalia mishipa. Kuna sehemu kubwa ya pafu iliyojificha nyuma ya moyo, na nyingine iliyoshuka nyuma ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Nimonia ndogo ikijibanza huko, waweza kuikodolea macho eksirei safi kabisa usiione. Tena mgonjwa anayehema sana mara nyingi hupigwa picha akiwa ameegemea kitandani, hajavuta pumzi ikajaa, na picha inazidi kuwa na ukungu.

CT hutumia eksirei hizohizo, lakini chanzo chake huzunguka mwili na kompyuta hukokotoa picha ya kipande kimoja kimoja, chembamba hata cha milimita moja. Ni kama kitabu kilichokuwa kimefungwa ukakifungua, ukasoma ukurasa baada ya ukurasa. Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT alipigwa ya kichwa, London, mwaka 1971, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield; mwaka 1979 yeye na mwanafizikia Allan Cormack wakapewa Tuzo ya Nobel. Jina la Hounsfield tunalitaja hadi leo kazini, kwa sababu weusi na weupe wa CT hupimwa kwa vipimo vyenye jina lake. Maji ni 0. Hewa ni −1000. Pafu lenye afya hukaa kati ya −700 na −900 hivi. Pafu lililobomolewa na sigara hushuka chini ya −950, yaani limebaki karibu hewa tupu. Nimonia iliyojaa hupandisha namba hiyo hadi kwenye sifuri au kuipita kidogo. Jambo ambalo kwenye eksirei wasomaji wawili wangelibishania, kwenye CT lina namba yake.

Sasa tuje kwa mapafu ya baba yako.

Mwenye COPD huwa na matatizo mawili kwa viwango tofauti: njia za hewa zilizovimba na kumwaga makohozi, na emfisema, yaani kuta za vifuko vya hewa kuvunjika hadi vifuko vingi vidogo vikawa mashimo makubwa. Fikiria jengo la vyumba mia lililovunjwa kuta likabaki na kumbi chache. Usaha ukiingia humo haupati vyumba vya kutosha vya kujaza. Unajaza vile vilivyosalia, na katikati yake yanabaki mashimo meusi. Kwa sababu hiyo nimonia ya mwenye emfisema mara nyingi haiji kama lile bonge jeupe la kwenye vitabu vya wanafunzi. Huja tundutundu, kama chekeche. Ongeza kwamba mapafu yenyewe yamejaa hewa kupita kiasi na yamepanuka, basi weupe huo hafifu humezwa na weusi unaouzunguka. Eksirei inasomwa haina tatizo, na aliyeisoma hakuzembea.

Wengi hukomea hapo, wakadhani kosa la eksirei ni kutoona tu. Kwenye mapafu yaliyochakaa hukosea pia kwa kuona kisichokuwepo. Kovu la ugonjwa wa zamani, kipande cha pafu kilichosinyaa kwa sababu kohozi limeziba njia yake, mishipa iliyosukumwa ikasongamana sehemu moja: vyote vyaweza kuvaa sura ya nimonia. Moyo ukichoka nao huleta kizungumkuti chake. Kwa mtu mwingine, maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa husambaa mapafu yote mawili kwa ulinganifu. Kwa mwenye emfisema, maji hukaa pale ambapo bado pana mishipa mizima, kwa hiyo hutokea viraka, upande mmoja zaidi ya mwingine, na kiraka cha namna hiyo kinaweza kumpatia mtu antibiotiki wakati alihitaji dawa ya kupunguza maji mwilini.

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 319 waliofika idara za dharura wakishukiwa kuwa na nimonia, wakapigwa eksirei, kisha CT ndani ya saa chache. Katika wale ambao eksirei haikuonyesha kivuli, CT ilikiona kwa theluthi moja. Katika wale ambao eksirei ilionyesha kivuli, CT iliifuta nimonia kwa watu watatu kati ya kumi hivi. Hao hawakuwa wagonjwa wa COPD pekee, na kwenye mapafu ya COPD kuna sababu zaidi za kukosea, kama nilivyoeleza. Kwa hiyo yawezekana kabisa mara ile ya kwanza baba alikuwa na nimonia ambayo eksirei haikuiona, na yawezekana mara ya pili hakuwa nayo ingawa kivuli kilikuwepo. Siwezi kukuamulia kutoka huku, na hata aliyekuwa mbele yake siku hiyo alilazimika kukisia kwa kiasi fulani.

Basi kwa nini wasianze na CT siku ya kwanza? Hapo nitawatetea wenzangu. Nimonia haigunduliwi na picha peke yake. Inagunduliwa na homa, kikohozi, mapigo ya pumzi, sauti za kifua chini ya kipimio cha daktari, vipimo vya damu, kisha picha. Na kwa mwenye COPD kuna jambo la ziada: ugonjwa wake wenyewe huwa na vipindi vya kuchachamaa. Daktari akiona pumzi imezidi kubana, makohozi yameongezeka, na rangi yake imegeuka ya njano au kijani, hutoa antibiotiki pamoja na vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, vya siku chache, hata kama mapafu hayana kivuli chochote. Siku ile ya kwanza, CT ingesema ndiyo au hapana na bado mzee angepewa karibu dawa zilezile. Kipimo kisichobadilisha uamuzi kinaweza kusubiri.

Tena kuna suala la kupata picha yenyewe. CT ya kifua inamtaka mgonjwa alale chali na azuie pumzi kwa sekunde chache. Mtu anayehema kama ametoka mbioni hawezi, na akijaribu picha hutikisika, na picha iliyotikisika huzaa ukungu wa uongo ambao mtu kama mimi anaweza kuuita nimonia. Mara nyingine kusubiri atulie kidogo kunatupatia jibu la kuaminika zaidi.

Nyakati nyingine mimi mwenyewe huuliza mbona mgonjwa hajaletwa mapema. Mtu ana dalili zote na hali yake ni mbaya, lakini eksirei iko kimya. Mtu kinga yake imeshuka, kwa mfano anatumia dawa za saratani au amekuwa kwenye vidonge vya steroidi kwa muda mrefu. Mtu amepewa dawa inayofaa, siku ya tatu imepita na hana nafuu yoyote, kwa hiyo tunashuku jipu ndani ya pafu au usaha uliokusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mtu anakohoa damu. Na mtu ambaye kivuli kinagoma kuondoka, au kinaondoka na kurudi palepale. Huyu wa mwisho ndiye baba yako.

Nimonia za kawaida hazina sababu ya kupenda sehemu moja ya pafu. Zikirudia mahali pamoja, mimi huuliza kuna nini pale. Huenda kuna uvimbe mdogo ndani ya njia ya hewa, umeuzuia mlango, na kila kinachozalishwa nyuma yake kinaoza humohumo; saratani ya mapafu ya mvutaji yaweza kujitambulisha hivyo, na eksirei yaweza isiuone uvimbe bali ione tu uchafu uliokwama nyuma yake. Huenda ni bronkiektasia, yaani njia za hewa zilizotanuka na kulegea hadi makohozi yanatuama humo na kuota vijidudu. Kwenye CT njia hiyo ikikatwa pamoja na mshipa wake mdogo inafanana na pete yenye kito, na ukishaiona huisahau. Huenda ni kifua kikuu au fangasi. Huenda chakula na mate vinapotea njia na kuingia mapafuni wakati wa kumeza, na vikipotea huangukia zaidi chini kulia, kwa sababu bomba la hewa la kulia ni pana na limenyooka kuliko la kushoto. Na huenda ni kovu tu, la ugonjwa uliopita zamani, lisilo na habari yoyote mpya.

Hilo la kovu lina kisa chake. Miaka kadhaa iliyopita niliisoma CT ya mzee mwenye mapafu ya namna hii nikaandika, kwa kujiamini kabisa, nimonia ya sehemu ya juu kushoto. Kesho yake binti yake akaja na bahasha iliyokunjamana, alikuwa ameikuta chini ya nguo kabatini. Ndani mlikuwa na picha za miaka mitatu nyuma, na kivuli changu cha jana kilikuwa humo, umbo lilelile, ukubwa uleule. Nikaifuta ripoti nikaandika nyingine. Tangu siku hiyo, kabla sijataja nimonia kwenye mapafu ya mgonjwa sugu, nauliza picha za zamani ziko wapi. Katika ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, picha mbili mbovu za nyakati tofauti mara nyingi hunisaidia kuliko picha moja nzuri isiyo na mwenzake. Ndiyo faida nyingine ya CT mtakayopiga sasa: mwakani akiugua tena, tutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Naomba msiitarajie CT ikupeni jina la kijidudu. Ripoti inaweza kutaja sehemu iliyojaa kabisa, au weupe hafifu tunaoufananisha na kioo chenye ukungu, au vidoa vilivyojipanga kama tawi lenye machipukizi, ambavyo maana yake njia ndogo za hewa zimejaa kitu. Kila kimojawapo kinaelekeza upande fulani, hakihukumu. Ukungu wa kioo, kwa mfano, unaweza kuwa virusi, maji ya moyo, damu, mzio wa dawa, au makovu ya mapafu yaliyochachamaa. Na kwa mwenye makovu ya mapafu hasa, kutofautisha maambukizi na ugonjwa wenyewe kuamka ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote tunazofanya. Kijidudu kinatafutwa kwenye makohozi na damu. Kama baba bado anatoa makohozi ya njano, hayo ni mali: yapelekwe maabara, yaoteshwe, na yapimwe kifua kikuu, ikiwezekana kabla ya kuanza antibiotiki nyingine. Nashangazwa na idadi ya wagonjwa wanaofika kwangu wakiwa wamemaliza aina tatu za antibiotiki na makohozi yao hayajawahi kufika maabara hata mara moja.

Jambo lingine linalochanganya watu: CT ya kifua si moja. Ya kawaida, isiyo na dawa ya mshipani, inatosha kuona nimonia, emfisema na bronkiektasia. Bonge la damu lililokwama kwenye mshipa wa pafu hailioni vizuri. Bonge hilo hutafutwa kwa CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, inayochomwa mkononi na kupigwa picha kwa wakati maalumu. Natilia mkazo kwa sababu mwenye COPD aliyebanwa pumzi ghafla, hana homa, makohozi hayajabadilika, anaweza kuwa na bonge la damu huku kila mtu akipigana na nimonia. Muulizeni daktari ni ipi aliyoomba. Ikiwa ni ya dawa, semeni mapema kama mzee ana ugonjwa wa figo, kama anatumia metformini ya kisukari, au kama aliwahi kudhurika na dawa hiyo ya kung'arisha mishipa siku za nyuma.

Sasa kaka yako. Hofu yake haikutoka hewani. CT ina mionzi mingi kuliko eksirei, na mionzi inaweza kuongeza uwezekano wa saratani. Tuipime lakini. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisivati. Eksirei ya kifua ni kama milisivati 0.1. CT ya kawaida ya kifua ni kati ya 5 na 7 hivi, na ile inayopigwa kwa kipimo kidogo ni kama 1.5. Mionzi ya asili, inayotoka ardhini, angani na ndani ya miili yetu wenyewe, humpata kila mtu duniani kwa wastani wa milisivati 2.4 kila mwaka. Kwa hiyo CT moja ni sawa na mionzi ya asili ya miaka miwili au mitatu. Madhara yake, yakija, kwa kawaida huchukua miaka mingi kujitokeza, na hatari hupungua kadiri umri wa anayepigwa unavyosogea. Kwa kijana wa miaka ishirini mwenye mafua ningeungana na kaka yako bila kusita. Kwa mzee wa miaka 68 mwenye kivuli kisichoelezeka, mizani inalalia upande mwingine kwa uzito: saratani ya kukisia ya miaka kumi na zaidi ijayo tunailinganisha na ambayo huenda ipo sasa na bado inatibika. Mwambie pia kwamba mionzi haibaki mwilini. Akitoka kwenye mashine, wajukuu wanaweza kumrukia mapajani muda uleule.

Mahali ambapo kaka yako yuko sahihi ni kwenye kurudiarudia. Sipendi CT ya kila kikohozi. Mgonjwa wa COPD huchachamaa mara kwa mara, na ukimpiga CT kila akichachamaa, baada ya miaka michache amekusanya mionzi ya kutosha pamoja na orodha ndefu ya vitu vilivyoonekana kwa bahati. Hivi navyo mjiandae navyo. Mapafu ya aliyevuta sigara mara nyingi huwa na vinundu vidogo, na vilivyo chini ya milimita 6 kwa kawaida si saratani. Ripoti ikivitaja, ulizeni kama vinahitaji kurudiwa na lini, msianze kuombeleza.

Na ultrasaundi ya kifua? Ni nzuri, haina mionzi, inaweza kufanyiwa pembeni mwa kitanda, na kwa maji yaliyozunguka pafu ni hodari kweli. Lakini mawimbi yake hayapenyi hewa. Kivuli kikigusa ukingo wa pafu itakiona. Kikiwa katikati, kimezungukwa na hewa tele ya emfisema, haitakiona. Kwa swali la baba yako haitoshi.

Ulichouliza mwisho, kama mtaacha dawa CT ikisema hakuna nimonia, tukitenganishe. Dawa za kuvuta za COPD haziachwi kwa sababu ya picha, iwe inasema nini. Antibiotiki, ndiyo, daktari anaweza kuzisimamisha, na huo ungekuwa ushindi mzuri, lakini aamue yeye akiwa amemwona mzee, kwa kuwa kama nilivyosema zipo sababu za kuzitoa zisizohitaji kivuli. Kuna dawa moja ambayo ningependa muiulizie hata kabla ya CT. Baadhi ya dawa za kuvuta huwa na steroidi ndani yake. Zinawafaa wagonjwa wengi kwa kupunguza kuchachamaa, lakini kwa wenye COPD huongeza pia nimonia: katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mitatu, waliovuta dawa isiyo na kitu ndani walioripotiwa kupata nimonia walikuwa asilimia 12.3, na waliovuta mchanganyiko wenye steroidi walikuwa asilimia 19.6. Mtu aliyetibiwa nimonia mara tatu kwa mwaka anastahili kuulizwa upya kama bado anaihitaji. Kuna kipimo cha damu cha seli ziitwazo eosinofili kinachosaidia uamuzi huo; zikiwa chache sana, faida ya steroidi hiyo huwa ndogo. Msiikate wenyewe. Ulizeni.

CT ikionyesha kwamba nimonia ipo kweli, msishtuke kivuli kikichelewa kuondoka. Kwa mtu wa umri wake na mapafu yake, mgonjwa hupona kabla picha haijapona. Kivuli kinaweza kuchukua wiki sita hadi kumi na mbili. Kumpiga tena baada ya wiki moja, wakati anakula na anapumua vizuri, ni kujitafutia hofu.

Siku ya kipimo nendeni na eksirei zote tatu, za karatasi au za diski, na ripoti zake. Na mwombeni daktari aandike kwenye fomu zaidi ya neno "kikohozi". Aandike COPD, miaka thelathini ya sigara, kivuli cha chini kulia kilichorudi. Fomu yenye maneno hayo hunifanya niende moja kwa moja kwenye njia ya hewa ya chini kulia niifuate tawi kwa tawi hadi mwisho. Fomu yenye neno moja nitaisoma kama ya mtu yeyote.

Yapo mambo ambayo hayangoji CT wala miadi. Akipumua mara 30 au zaidi kwa dakika, akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akianza kuchanganyikiwa au kusinzia kusikokuwa kwa kawaida yake, midomo ikigeuka ya bluu, akikohoa damu, akipata maumivu makali ya kifua ya ghafla, au mguu mmoja ukivimba: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kama mna kipima oksijeni cha kidoleni, jueni namba yake ya siku za kawaida. Wengi wenye COPD kali, hasa wanaohifadhi hewa chafu mwilini, hulengwa wakae kati ya asilimia 88 na 92, na ikishuka chini ya kawaida yake ni dalili mbaya. Kama ana mtungi wa oksijeni nyumbani, msiufungue zaidi ya alivyoelekezwa mkidhani mnamsaidia; kwa baadhi yao oksijeni nyingi hulundika hewa chafu kwenye damu na kuwalaza usingizi wa hatari.

Na kabla ya miadi, fanya uchunguzi mmoja usiohitaji mashine. Mtazame baba akinywa maji, bila yeye kujua kwamba unamtazama. Akikohoa kila anapomeza, au sauti yake ikawa na maji-maji baada ya kunywa, mwambie daktari. Huenda ndiyo habari ambayo fomu zote tatu za eksirei ziliikosa.